Hiace Kuukuu Ikikulaza Njiani

Mwenye Hiace ya miaka ya tisini anajua kwamba ipo siku itamlaza njiani. Gari lenyewe ni zuri. Injini zake za dizeli, 2L, 3L na 5L, fundi wa Chalinze anazijua sawasawa na fundi wa Tunduma. Spea zake zimejaa Ilala na Kariakoo, na likigoma halidai kompyuta ili liseme linaumwa nini. Lakini ni gari lililokwisha kubeba wanafunzi, misiba, harusi na magunia ya viazi kabla halijafika kwako, na kabla ya hapo lilitumika Japani kwa mtu mwingine. Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kulipeleka mbali, tuseme kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ya TANZAM, ukiwa na familia au mzigo nyuma.

Katika barabara hiyo watu husimama. Dereva wa Fuso atasimama, bodaboda atasimama, mama anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni atavuka barabara kuja kuuliza kulikoni. Wasafiri wengi hukwama kwa sababu nyingine: msaidizi anafika, anakuta hamna spana, hamna mkanda wa akiba, dereva hajui gari lilianzaje kuzima, na lenyewe limesimama kwenye kona. Anatikisa kichwa, anawapa pole, anaondoka. Kwa hiyo yote nitakayoyasema hapa yanalenga jambo moja, kwamba anayesimama akute kuna kitu anachoweza kufanya.

Vya kubeba

Anza na mikanda miwili ya feni yenye namba ileile ya iliyofungwa. Chukua mpira wa juu na wa chini wa rejeta, klipu za kuubana, filta ya dizeli, fyuzi za rangi zote, waya, tepu ya umeme na kipande kirefu cha tyubu ya zamani ya baiskeli. Spana namba 10, 12, 14, 17 na 19 zitafungua karibu kila kitu kwenye Toyota hii. Ongeza plaizi, bisibisi mbili, kamba ya kuvutia iliyo nzima, oili ya injini, na maji lita 20 ambayo hayaguswi na mwenye kiu. Ya kunywa yawe kwenye chombo kingine. Tochi iwe ya kuvaa kichwani, maana mwenye kushika spana hana mkono wa tatu.

Sabuni ya mche nayo itie. Tangi la mafuta likitoboka kwa jiwe, sabuni kavu ikisuguliwa kwa nguvu kwenye ufa huziba kwa saa kadhaa, kwa kuwa dizeli haiiyeyushi kama maji yanavyoiyeyusha. Mafundi wa zamani wote wanaijua dawa hiyo.

Pembetatu mbili za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto trafiki atakuuliza tu, ila usiviweke kwa ajili yake. Viweke karibu na mlango, si chini ya mzigo. Nimeona Hiace ambayo pembetatu zake zilikuwa chini ya magunia ya mkaa, na mwenyewe anajivunia kwamba anazo.

Tairi ya spea ya Hiace hizi huning'inia chini ya gari kwa nyuma, na hushushwa kwa kuzungusha mpini unaopita kwenye tundu karibu na mlango wa nyuma. Mnyororo wake hushika kutu. Ishushe ukiwa nyumbani, uipulize upepo, upake grisi, uipandishe. Usisubiri kugundua chini ya jua la Mlandizi kwamba mpini haupo au mnyororo umeganda. Jeki nayo iwe na ubao wa kuwekea chini, kwani bega la barabara ni udongo na jeki tupu huzama. Ukiwa hapo soma na tarehe ya tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, hivyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikapasuka njiani ikiwa imebeba watu.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka ni taimingi belti. Kwenye injini za 2L, 3L na 5L ikikatika valvu hugonga pistoni, na hapo hakuna msamaria atakayekufaa zaidi ya gari la winchi. Magari mengi ya aina hii yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kilometa 100,000 zikitimia. Lakini kilometa za gari la mtumba hazina wa kuziapia, na taa hizo wengi wamezichomoa balbu. Kama hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe, uandike tarehe kwa kalamu ya rangi juu ya kava lake.

Taa ya betri ikiwaka, simama

Madereva wengi hudharau taa hii. Husema, "Haichaji tu, tutafika." Kwenye Hiace ya dizeli ya aina hii usifanye hivyo. Mkanda unaozungusha alteneta ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji na feni. Na nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo ya kuvuta hewa, ambayo ndiyo inayoipa breki wepesi wake. Mkanda ukikatika unapoteza chaji, unapoteza mzunguko wa maji, na baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedali ya breki inakuwa ngumu kama umekanyaga ukuta. Breki bado ipo, ila inataka mguu wa nguvu zote, jambo ambalo si zuri kuligundua ukiwa unateremka mlima Kitonga.

Basi taa ya betri ikiwaka ukiwa kwenye mwendo, toa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali papana, simama, zima. Nyanyua kiti cha mbele upande wa abiria, maana injini imelala chini ya viti. Kama mikanda yote ipo na imekaza, huenda ni waya au brashi za alteneta, na ukiwa mchana unaweza kuendelea polepole hadi mji wa karibu huku umezima redio, feni na taa. Injini ya dizeli ya pampu ya zamani haihitaji umeme mwingi ikishawaka. Kama mkanda umekatika, fungua boliti za alteneta, ilegeze, valisha mkanda mpya, kisha ikaze kwa kuivuta kwa mti au mpini wa jeki. Yeyote aliyewahi kuwa utingo atakufanyia kazi hii kwa dakika chache, endapo mkanda unao.

Ikichemsha

Ugonjwa mkubwa wa Hiace ni joto. Injini imefunikwa, rejeta iko chini mbele, na kwa kuwa hakuna boneti ya kutoa moshi machoni pako, unaweza kuendesha kilometa kadhaa ukidhani harufu ile ni ya gari la mbele. Silinda hedi za injini hizi zikichemshwa vibaya hupasuka. Ndiyo sababu mshale wa joto unastahili kutazamwa mara nyingi kuliko wa spidi.

Mshale ukianza kupanda kwenye mlima na huoni maji yakimwagika, zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama abiria watalalamika, shusha gia, punguza mafuta, kisha simama na uiache injini isilensi dakika mbili au tatu. Hita ni rejeta ya pili. Inalitoa joto ndani ya injini na kulileta miguuni penu. Lakini ukiona mvuke, au maji yanatoka, zima papo hapo.

Kisha usifanye kitu. Hii ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu hapo ndipo wasaidizi wanapofika na kila mmoja anataka kufungua mfuniko wa rejeta. Wakatalie kwa upole na kwa uthabiti. Maji yaliyo chini ya mgandamizo hayachemki hata yakipita nyuzi 100, ila mfuniko ukifunguliwa yanageuka mvuke mara moja na kumrukia usoni aliyeinama. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hiyo pia ndiyo sababu mfuniko uliochoka springi, ambao Dar es Salaam haukukusumbua, unaweza kukuchemshia gari ukishapanda nyanda za juu. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, badilisha.

Shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiweza kuukamata bila kuungua na ukauminya ukabonyea, sasa funika mfuniko kwa kitambaa kinene, uzungushe kidogo, subiri upumue, ndipo ufungue. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, wala usijaze rejeta kwa pupa. Washa injini, jaza kidogo kidogo, ukimwacha mtu mmoja atazame chini.

Atazame wapi? Mpira wa juu na wa chini kwanza. Halafu pampu ya maji, kwenye kitundu chini ya shafti yake. Halafu mahali ambapo wengi hawafiki: mabomba yanayopita chini ya sakafu kwenda kwenye hita ya nyuma. Japani hita hiyo ilikuwa ya lazima. Hapa kwetu hakuna anayeiwasha, lakini maji yanaendelea kupita humo, na mabomba yakila kutu yanavuja katikati ya gari ambapo hata dereva wa lori hatafikiria kuangalia. Mwambie. Tiba ya njiani ni kukata mzunguko huo: mipira miwili inayokwenda nyuma inachomolewa mbele na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe. Mpira uliopasuka ukaushe, uufunge kwa ile tyubu ya baiskeli ukiivuta kwa nguvu kila mzunguko, kisha ubane kwa klipu. Mfuniko wa rejeta ulegeze nusu ili mgandamizo usiirarue bandeji, na uende taratibu ukiongeza maji kila baada ya muda.

Ila kama injini inapowashwa maji ndani ya rejeta yanatoa mapovu yasiyokoma, au oili kwenye dipstiki imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi au hedi imekwisha. Safari imeishia hapo. Kuna watakaokushauri utie yai au manjano kwenye rejeta. Vinaziba kweli, vikianza na vile vijitundu vya rejeta unavyovihitaji.

Mahali pa kusimama

Gari likianza kufa bado lina mwendo. Utumie huo mwendo kuliondoa barabarani kabisa, upande wa kushoto, na ikiwezekana ulipitishe kona au kilele. Mlango wa pembeni wa Hiace uko kushoto, kwa hiyo abiria wateremke huko, wapande ukingo, wakae mbali na gari. Mtu yeyote asisimame nyuma ya gari wala kati ya gari na barabara, hata anayekojoa.

Gari linalokimbia kilometa 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo pembetatu ya kuwekwa hatua tano nyuma ni mapambo. Tembea hatua 50 au zaidi kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kona iweke kabla ya kona, isionekane tu na anayekwisha kukufikia. Matawi ya miti ni lugha inayoeleweka na kila dereva kuanzia Kibaha hadi Nakonde, nayo yawekwe, ila usiku hayaakisi mwanga. Mawe ya kuzuia tairi yawe upande wa mteremko. Hendibreki ya gari la miaka 30 si ya kuaminiwa peke yake.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi sheria hubadilika. Barabara inapita hifadhini takriban kilometa 50, na usiyemwona kwenye majani anakuona. Kaeni ndani ya gari, washeni taa za tahadhari, mpungieni mkono anayepita, mumwombe afikishe habari kwa askari wa hifadhi getini au kwa fundi Mikumi mjini. Usimtume kijana akatafute maji.

Akisimama mtu

Salamu kwanza. Hata kama umeungua mkono, hata kama mvua inanyesha. Mzee apewe shikamoo yake, dereva wa lori aitwe kaka au mkubwa, mama wa genge aitwe mama. Mtu akitoka kwenye gari lake akaanza kupewa amri, atakumbuka ghafla kwamba bosi wake anamsubiri Makambako.

Halafu sema ukweli wote kwa ufupi.

"Poleni kaka. Imefanyaje?"

"Ahsante mkubwa, tumeshapoa. Imezima yenyewe kwenye mwinuko. Haijachemsha, haijagonga. Stata inazunguka vizuri lakini haishiki. Dizeli ipo, tumejaza asubuhi."

"Filta hamjaigusa?"

"Bado. Mpya ninayo."

Kwa maneno hayo machache mwenzako ameshajua nusu ya ugonjwa. Ungesema tu "gari imekufa, sijui", angeanzia kwenye betri. Na usifiche. Kama mshale ulifika kwenye nyekundu nawe ukaendelea kilometa tano, sema; anayetaka kukusaidia si mke wa kukugombeza wala trafiki wa kukuandikia.

Katika mfano huo, atafungua skrubu chini ya filta ya dizeli na kumwaga maji yaliyotuama, kwa sababu mafuta ya asubuhi huenda hayakuwa safi. Kisha atabonyeza kwa kiganja ile pampu ndogo ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, hewa iwe imetoka. Ikikataa bado, atakuambia uwashe swichi bila kupiga stata huku yeye akisikiliza kwenye pampu ya dizeli. Pale pana kidude cha umeme kinachofungua njia ya mafuta, kinapaswa kusema "tak". Kikinyamaza, tafuta waya wake mmoja uliochomoka. Magari mengi yamevutwa hadi mjini kwa sababu ya waya huo.

Nani atasimama? Kwa nilivyoona, gari chakavu husimama kabla ya gari jipya. Madereva wa malori wa masafa, wanaokwenda Zambia na Kongo, ndio mabingwa. Wamelala barabarani usiku mwingi na ndani ya kabati zao kuna karakana nzima. Anayetoka Lubumbashi ana Kiswahili chake, mtaelewana. Madereva wa IT, wanaopeleka magari ya bandarini hadi mpakani, nao wanajua mengi, ingawa huwa na haraka. Basi la abiria halitasimama, na usilichukie, lina ratiba na trafiki wanalipima mwendo. Lakini kondakta wake anaweza kukufaa baadaye, nitarudi kwake.

Baada ya dakika kumi utakuwa na watu wanane na maoni tisa. Barabarani kila mtu ni fundi. Chagua mmoja, yule aliyeuliza maswali kabla ya kushika kitu, mwambie, "Kaka, nakusikiliza wewe." Wengine wape kazi za heshima: mmoja akasimame kwenye kona na kitambaa chekundu, mwingine akachote maji, mwingine amsogeze bibi kivulini. Hivyo hakuna anayenyimwa nafasi ya kusaidia na hakuna mikono sita ndani ya injini. Ufunguo ukae mfukoni mwako, milango ya upande wa mizigo ifungwe. Hilo si kuwatukana watu. Hata nyumbani unafunga mlango.

Kama kuna mafuta yanayovuja nayo ni petroli, mpango ni mwingine. Hakuna sigara, hakuna stata, hakuna kukinga kwenye ndoo. Wote wakae mbali. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Simu ya Zimamoto ni 114, polisi 112. Na dizeli ya kwenye madumu inayouzwa kandokando ya barabara iache: mara nyingi imenyonywa kwenye lori la mtu, na mara nyingi ina maji.

Pesa

Hapa ndipo urafiki wa njiani huharibika, kwa kuwa hakuna aliyesema kitu mapema. Dereva wa lori mara nyingi atakataa malipo. Usimlazimishe mbele ya watu. Mpe utingo wake hela ya soda, wataelewana. Vijana wa kijijini waliosukuma gari wanatarajia kitu, na wana haki, wameacha shughuli zao. Patana nao kabla mkono haujagusa gari, bei moja kwa kazi yote, na mpatane na mmoja wao anayewasemea. Ukiacha bei ijadiliwe gari likishawaka, utajadiliana na watu kumi na wawili ambao sita kati yao hukuwaona wakisukuma.

Fundi akihitajika, usimtume bodaboda "alete fundi". Ongea na huyo fundi kwenye simu kwanza, mtajie injini (imeandikwa kwenye kibati: 3L, 5L), mweleze dalili, muulize bei ya kuja na bei ya kazi, ndipo bodaboda amfuate. Soma nguzo ya kilometa iliyo karibu umpe namba yake, au umtumie ramani kwenye WhatsApp kama mtandao upo. Spea akitaka kununua mwenyewe, mtume mtu wako aende naye. Kifaa kilichotolewa kibaki kwako, hata kama ni kibovu, hata kama anasema hakina kazi.

Kubusti, kusukuma, kuvuta

Lori lina umeme wa volti 24, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Hiace yako ni ya 12. Dereva mwenye huruma akileta waya akafunga kwenye ncha mbili za mwisho, utaunguza taa, redio na alteneta. Injini ya lori izimwe, waya zifungwe kwenye betri moja tu ya lori, chanya kwa chanya, na waya hasi wa mwisho ufungwe kwenye chuma cha injini yako mbali na betri. Ukiona gari dogo linakuja, lisubiri hilo.

Gari la gia za mkono linawaka kwa kusukumwa: swichi wazi, gia namba mbili, klachi chini, likishashika mwendo achia. La otomatiki haliwaki hivyo, acheni kutoka jasho. Na la otomatiki lisivutwe na matairi ya nyuma yakiwa chini kwa safari ndefu, kwa sababu Hiace huendeshwa na matairi ya nyuma na gia boksi itazunguka bila kupata oili. Fundi afungue propela shafti kwanza, ni boliti chache.

Ukivutwa kwa kamba, ufunguo uwe wazi ili usukani usijifunge. Usukani utakuwa mzito, breki itakuwa ngumu kama nilivyokwisha kusema. Anayekuvuta aende kilometa 30 kwa saa, si zaidi, na mpatane ishara: honi mara moja punguza, mara mbili simama. Kitonga msivutane kwa kamba, si kupanda wala kushuka. Subirini winchi au lori la kuwabeba.

Na kwenye kushuka kwa kawaida, hata gari likiwa zima, usitie nyutro ili kuokoa mafuta. Shuka na gia uliyopandia.

Jua likizama

Kama saa kumi jioni hakuna dalili ya kutengemaa, acha kuhangaika na injini, anza kupanga usiku. Abiria wenye watoto, wazee na wagonjwa waondoke kwa basi la kwanza litakalowakubali. Nenda kijiji cha karibu, umtafute mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, ujitambulishe, useme gari liko wapi na mko wangapi. Watu wa mjini huruka hatua hii wakidhani ni urasimu. Mwenyekiti akishajua, wewe si mtu wa kushangaza tena, ni mgeni wake, na kijana atakayelilinda gari atatolewa na yeye, kwa bei inayojulikana, na jina lake linajulikana. Mlinzi uliyejiokotea mwenyewe saa mbili usiku hana wa kumuuliza asubuhi.

Ukilala ndani ya gari, kwanza hakikisha limetoka barabarani kabisa. Hiace nyeusi isiyo na taa kwenye ukingo wa TANZAM usiku ni kaburi la mtu mwingine.

Spea sasa. Hapa ndipo kondakta wa basi anapoingia. Ndugu yako Dar es Salaam akinunua pampu ya maji Ilala jioni, ataipeleka stendi, ataikabidhi basi la alfajiri kwa malipo kidogo, na kukutumia namba ya basi na simu ya kondakta. Mnunuzi apige picha ya kifaa na akutumie kabla hajalipa, wewe ukilinganishe na kibovu ulichonacho. Injini za 2L na 5L zina vitu vinavyofanana kwa macho visivyoingiliana. Muda ukikaribia simama barabarani mahali anapoweza kukuona, umevaa nguo uliyomtajia. Basi litapunguza mwendo, mkono utatoka dirishani na boksi. Mpungie.

Gari likiwaka, liache lizunguke dakika kumi, tazama chini, tazama mshale, hesabu spana na watoto. Waage watu kwa majina yao, chukua namba ya fundi na ya mwenyekiti, kwa maana utapita tena njia hii na gari hilihili. Kisha rudi nyuma kwa miguu, uokote pembetatu, ukusanye kila tawi na kila jiwe uliloliweka barabarani, uyatupe porini. Mwenye pikipiki anayekuja usiku hatayaona.